MWESE: BIBI ANAIMBA KWA TANO, KOMPYUTA INATAKA NNE

Mtoto wa mjini, usinidanganye. Ukisikia neno studio, akili yako inakimbilia Sinza, Kinondoni au Mburahati: kioo kikubwa, kiyoyozi kinanguruma, prodyuza kavaa kofia na miwani ya jua ndani ya nyumba saa nne usiku. Poa. Wiki hii nakuhamisha. Shika reli ya kati mpaka Tabora, ingia treni ya Mpanda inayokatia Kaliua, lala, amka, lala tena, na ukisikia watu wanashusha magunia ujue reli imeishia hapo. Hiyo njia ilifika Mpanda mwaka 1950, na haikujengwa kwa ajili yako wala mimi. Wakoloni walitaka madini ya risasi yatoke.

Kutoka Mpanda mjini unatafuta gari la Mwese, na hapo ndipo utajua kama una roho ya safari au ulikuwa unajisifu tu. Kiangazi ni vumbi. Masika tope linakuuliza jina la babu yako. Mimi nilikaa katikati ya mama mwenye kuku wawili na kijana aliyepakata betri ya sola kama mtoto mchanga. Kila tukiruka shimo anaikumbatia. Nikamwambia, "Mshikaji, hiyo mali ya thamani." Akajibu bila kugeuka: "Hii ndiyo Tanesco yangu, kaka."

Wengi wakisikia Katavi wanawaza mbuga, viboko wamelundikana kwenye tope na mamba wanaota jua. Hiyo ni Katavi ya kule bondeni. Mwese iko juu, na usiku baridi inaingia kwenye mifupa bila hodi. Ukija na fulana yako ya kubana ya Kariakoo utalala umevaa suruali mbili. Milima imekaa kwa mafungu, na huko ndani kuna msitu wa Ntakata wenye sokwe, ule ambao vijiji vya wilaya ya Tanganyika vinalipwa kwa kuutunza, biashara ya hewa ukaa. Mtu wa mjini anacheka kusikia hewa inauzwa. Huku zahanati na madarasa yamejengwa kwa hela hiyo, kwa hiyo wao hawacheki.

Wenyeji wa asili ni Watongwe na Wabende. Lakini Mwese ina historia yake nyingine. Mwaka 1964 Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kivu, Kongo, wakakosa amani na huko, waliletwa kwenye nyanda hizi wakaanza maisha upya, wakisaidiwa na shirika la TCRS lililoanzishwa mwaka huohuo. Walikuta pori. Wakafyeka, wakalima, wakafuga. Mwaka 1980 serikali ilitoa uraia kwa maelfu ya Wanyarwanda nchini, na leo mjukuu wa hao waliokuja anashabikia Simba au Yanga mpaka anakosa usingizi, anaimba Bongo Fleva, na Kinyarwanda anakisikia kwa bibi yake tu.

Na huyo bibi ndiye aliyeleta kasheshe ninayotaka kukusimulia.

Yule kijana wa betri, kumbe ndiye prodyuza wa pale. Jina lake siliandiki, na ameniomba mwenyewe, kwa sababu utakayoiona mbele. Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya baba yake. Ukutani kapigilia mablanketi na trei za mayai. (Trei za mayai, kwa taarifa yako, hazizuii kelele kutoka nje hata kidogo. Zinapunguza mwangwi kiasi tu. Blanketi zito ndilo linalofanya kazi.) Laptopu ni ya mtumba, memori GB 4, feni yake inapiga kelele kuliko msanii. Kuna maiki moja, spika mbili zisizofanana, na kinanda cha Yamaha ambacho si chake, ni cha kwaya.

Hapo kwenye kwaya ndipo penye moto. Kwaya ilikuwa imechanga hela kwenda Mpanda kurekodi. Nauli za watu zaidi ya 20 kwenda na kurudi, kulala, kula, na studio yenyewe. Katibu akapiga hesabu akaona nusu ya pesa itaishia barabarani. Mtu mmoja akasimama kwenye kikao akasema: mbona kijana wetu ana kompyuta? Tumpe sehemu ya hela anunue kinachopungua, arekodi hapahapa. Wakakubaliana, shingo upande. Wazee wawili walisema wazi kwamba hela ya Mungu inakwenda kununua michezo ya kompyuta. Kwa hiyo dogo akichemsha, haaibiki peke yake. Anamwaibisha na katibu, na kanisani watakaa benchi moja kila Jumapili mpaka wazeeke.

Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: "Kaka, ninunue programu gani?"

Twende taratibu, maana kuna wasomaji wangu wanaojua kusikiliza tu. Programu ya kupanga muziki, ile ambayo wazungu waliita sikwensa kabla haijawa na mambo mengi, mwanzoni haikurekodi sauti. Ilirekodi maagizo: gonga noti hii, kwa nguvu hii, iachie hapa. Maagizo hayo yanasafiri kwa lugha inayoitwa MIDI, ambayo makampuni ya vinanda yalikubaliana mwaka 1983, na mpaka leo kinanda cha Yamaha cha kwaya ya Mwese chenye tundu la USB kinaongea lugha hiyohiyo na laptopu ya mtumba. Kompyuta ya Atari ST ya mwaka 1985 ilitoka kiwandani na matundu ya MIDI tayari, na mwaka 1989 Wajerumani wa Steinberg wakaitengenezea Cubase. Baadaye programu hizi zikajifunza kurekodi sauti za watu, na hapo studio kubwa za mamilioni zikaanza kutetemeka. Bongo nayo ikapata mabadiliko. Zamani bendi ilipanga foleni Redio Tanzania. Wakaja kina Master J na P-Funk Majani na studio zao, halafu kompyuta zikashuka bei, na kila mtaa ukapata prodyuza wake wa geto.

Na mfalme wa mageto anajulikana. FL Studio, wakongwe wanaiita Fruity Loops, ilitoka Ubelgiji kwa kampuni ya Image-Line mwaka 1997, ikabadilishwa jina mwaka 2003. Ukitaka kujua nguvu yake, nenda Mburahati pale Sisso, ambako singeli imepikwa kwa kompyuta za kawaida kabisa mpaka santuri ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017 ikazichezesha kumbi za Ulaya. Visanduku vimejipanga mstari, unabonyeza hiki, unaruka kile, biti imekamilika kabla chai haijapoa. Dogo wa Mwese anaicheza kwa vidole viwili utadhani anapepeta mchele. Sio siri, nilimvulia kofia.

Ila hiyo yake ni ya kuchakachua. Aliletewa kwenye flashi, ikaja na virusi vyake kama kifurushi, na imeshawahi kumla nyimbo tatu. Anafungua kazi ya jana, inamwonyesha kichwa kisicho na mwili. Mjini ukipoteza kazi unalaani, unamwita msanii, anapanda bodaboda, mnarudia. Huku kwaya ina watu wanaotoka shamba, wengine wanatembea mwendo mrefu. Ukiwapoteza mara moja hawarudi.

Basi bwana, siku ya pili nikamkuta na bibi yake. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba ndefu ya kunichunguza. Bibi alifika Mwese akiwa msichana, na anajua nyimbo ambazo hapo kijijini waliobaki wanaozijua ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwaya inataka wimbo mmoja wa mtindo huo uwemo, maneno ya Kiswahili, mwendo wa zamani. Mjukuu alishamrekodi na kumwekea biti. Akatubonyezea.

Nikasikia kitu hakijakaa. Biti nzuri, sauti ya bibi nzuri, lakini ni kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole: "Mwanangu, umenikata pumzi."

Tukamwomba aimbe bila kompyuta, apige makofi. Mbili, tatu. Mbili, tatu. Hesabu mwenyewe: tano! Huo ndio mwendo wa ngoma nyingi za Kinyarwanda, ule wachezaji wanaouchezea mikono juu kama pembe za ng'ombe. Na Fruity Loops ukiifungua inakupa visanduku 16, yaani nne mara nne. Bibi anazunguka kwa tano, mashine inazunguka kwa nne, wameanza pamoja, wameachana, mpaka mapigo 20 yapite ndipo wanakutana tena. Dogo hakujua. Alidhani bibi anachelewa, uzee, akawa anakata pigo la tano kila mzunguko ili aingie kwenye visanduku. Alikata kwa mkasi wa kompyuta kitu ambacho bibi alikibeba kutoka Rwanda mpaka Kivu mpaka hapa.

Usimlaumu. Nani kwenye redio anampigia muziki wa tano? Kuanzia kipaimara mpaka disko ni nne, nne, nne. Na mashine haikwambii kwamba imechagua kwa niaba yako. Inakaa kimya tu na visanduku vyake 16.

Kwa hiyo mjadala wa kununua programu ukabadilika ghafla. Mwanzo tulikuwa tunabishana ipi ina sauti kali za ngoma. Sasa tukawa tunauliza ipi itamfuata bibi, badala ya bibi kuifuata yenyewe. Tukakaa nje kwenye jua, maana ndani ni friji, nikamwambia ninachokijua.

FL yenyewe kwanza, nisiionee. Tano inawezekana. Ukiingia kwenye mipangilio unaiambia, na tangu toleo la 20 la mwaka 2018 unaweza hata kubadilisha kipimo katikati ya wimbo. Ukiinunua kihalali, matoleo mapya unapewa bure maisha yako yote, ofa ambayo wengi hawana. Lakini lile toleo la bei ya chini, la dola 99, halirekodi sauti ya maiki, na kwaya ni midomo 20. La kurekodi linakaribia dola 200. Na la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini haliifungui tena. Utahifadhi kwaya nzima halafu unaiangalia kwa nje kama keki ya dirishani.

Cubase? Chombo cha heshima, kinaweza kusikia mwendo wa mwimbaji na kuupanga mstari kuufuata. Toleo kubwa ni zaidi ya dola 500. Tukafunga ukurasa huo haraka.

Za bure zipo. LMMS inafanana na Fruity na haidai hata senti, ila toleo lake la kawaida halirekodi maiki. Cakewalk, ambayo BandLab waliichukua mwaka 2018 wakaanza kuigawa bure na baadaye wakaihamishia kwenye Cakewalk Sonar, ni nzuri kweli, ila inataka akaunti na mtandao wa kuithibitisha. Mtandao wa Mwese nilivyouona mimi unakuja kama mgeni wa heshima: unapanda mlima, unainua simu, unasubiri. Audacity ni bure na inarekodi safi, lakini kwa kupanga vinanda na ngoma si mahali pake. Za kwenye simu zinafaa kunasa wazo ukiwa shambani. Kwaya nzima kwenye simu? Hapana.

Ikabaki Reaper. Sura yake haivutii, nakubali. Ukiifungua ni kijivu kama karatasi ya kodi, na haikuletei ngoma wala vinanda vya kujivunia. Imetungwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp tuliyokuwa tunachezea MP3 enzi zile. Faili lake la kupakua halifiki MB 30, yaani hata mtandao wa mlimani unaliweza, wakati FL inakaribia GB nzima. Wanakupa siku 60 ujaribu kila kitu, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kama laki na nusu hivi ya kwetu. Ukishaiweka inafanya kazi bila mtandao. Laptopu ya GB 4 inaipumulia vizuri. Na kubwa kuliko yote kwa shida yetu: unamrekodi bibi kwanza, huru, bila mgongo wa ngoma sikioni, halafu unapita na kuweka alama za mwendo pale anapopiga kofi. Mistari ya mashine inamfuata yeye. Akiharakisha kwenye kiitikio, nayo inaharakisha.

Dogo hakufurahi. Anaipenda Fruity yake, na ninamwelewa, prodyuza na programu ni kama mpishi na kisu. Akanibishia: "Washkaji wa Mpanda wakija wakakuta kijivu hiki watanicheka." Nikamwuliza washkaji wa Mpanda wamechanga shilingi ngapi. Akatabasamu.

Ukiniuliza mimi, kosa la vijana wetu wengi ni kuchagua programu kwa jina la msanii aliyeitumia. Mwingine anabeba Cubase ya wizi ya mwaka 2009 kwa sababu kasikia fulani aliitumia, na hajui hata kitufe cha kurekodi kiko wapi. Anza na kazi iliyoko mezani. Unatengeneza singeli peke yako usiku? Kaa na Fruity, hela ikipatikana ilipie. Unarekodi watu wanaopumua? Tafuta inayorekodi bila kukubana. Na usifikiri programu moja ni ndoa. Dogo anaweza kugonga biti zake kwenye FL, akazitoa kama faili la WAV, akaziingiza Reaper kama msanii mwingine yeyote. Nilipomwambia hivyo ndipo uso ulipofunguka.

Kuna jambo la kuchelewa kwa sauti pia, linawakera wengi. Unaimba sasa, unajisikia kwenye hedifoni baadaye kidogo. Hiyo inatokana na ndoo ya kompyuta: inajaza kwanza, halafu inamimina. Ukiweka ndoo ya sampuli 512, ni kama milisekunde 12 za kusubiri, na mwimbaji ataanza kujivuta bila kujua. Ishushe mpaka 128 wakati wa kurekodi, kama milisekunde 3, na ukifika kwenye kuchanganya uipandishe tena ili laptopu isikohoe. Kadi ndogo ya sauti ya USB inasaidia kuliko programu ya bei mbaya. Hela iliyookolewa kwenye programu tukaiandikia hiyo, na maiki ya pili.

Na umeme. Usirekodi huku sola imeunganishwa na kibadilishia umeme cha bei chee, kina mlio wake kama mbu, na utausikia kwenye kila ukimya. Dogo alishagundua mwenyewe kabla sijafika: anaichaji laptopu mchana, wakati wa kurekodi anachomoa kila kitu, anatumia betri ya ndani tu. Ana kama saa moja na nusu. Kwaya inajua. Hakuna anayepiga soga ndani ya muda huo, na mwenye kikohozi anabaki nje.

Jioni tukapakua ile ya majaribio, mimi nimesimama juu ya jiwe na simu, yeye chini na laptopu, tunapeana ishara kama makuli wa bandarini. Ikaingia. Bibi akaitwa, akakaa kwenye kigoda, blanketi mgongoni, maiki mbele yake kwenye mti wa ufagio. Mjukuu akabonyeza, akanyanyua mkono.

Ilichukua mara mbili tu. Ya kwanza jogoo aliingilia. Ya pili bibi alifumba macho, na mwisho wa wimbo hakuna aliyekohoa mpaka mjukuu aliposhusha mkono. Akatumia nusu saa kuweka alama kofi kwa kofi, huku akihesabu kwa midomo, mbili tatu, mbili tatu, kisha akaweka ngoma moja tu chini yake. Bibi akavaa hedifoni juu ya kilemba. Alisikiliza. Bega la kushoto likaanza kucheza lenyewe.

Nilipoondoka kesho yake katibu wa kwaya alikuwa keshafika na daftari, anataka risiti ya kila kitu. Dogo akamweleza kwamba programu inanunuliwa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, na risiti itakuja kwa barua pepe. Katibu akafikiri kidogo, akaandika: "Programu ya kurekodi, dola 60, risiti inasubiriwa mlimani."

Gari la Mpanda lilipiga honi. Kuku safari hii walikuwa watatu.